Mwaka wa kwanza na wa pili wa msingi: darasa lote linarudilia, lakini nani anasoma?

Mwalimu anaandika ubaoni silabi tano: ma, me, mi, mo, mu. Anagusa ya kwanza kwa fimbo yake, na watoto 80 wanaitika kwa sauti moja. Anagusa ya pili, wanaitika tena. Mpita njia anayezisikia sauti hizo kutoka barabarani anasema moyoni kwamba hapa kazi inaendelea. Lakini mwalimu akiacha utaratibu ule, akianzia kwa mu kisha akarukia mi, sauti zinapungua. Watoto kumi hivi wa mbele bado wanajibu. Wengine wanaangalia midomo ya wenzao na kufuata wakichelewa kidogo.

Yeyote aliyepita shule ya msingi huku mashariki mwa Congo anaijua picha hiyo. Alikuwa mmoja wa wale kumi, au alikuwa mmoja wa wale sabini.

Kila Septemba, shule zinapofunguliwa, tunazungumza juu ya mishahara ya walimu, migomo, usalama na bei ya uniforme. Mazungumzo hayo ni ya haki. Lakini kuna swali ambalo wazazi wachache wanaliuliza: katika zile saa chache ambazo mtoto wa miaka sita au saba anakaa kwenye benchi, anafanya nini hasa? Anasoma, ao anasikiliza wengine wakisoma? Anaandika, ao ananakili tu? Anahesabu, ao anaimba hesabu? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama masomo ya bure yatatuzalia wasomaji, ao yatatuzalia tu watoto waliohesabiwa kwenye orodha za wanafunzi.

Milango ilifunguliwa, madarasa yakajaa

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Ilichukua miaka 13 kabla ya maneno hayo kutoka kwenye karatasi: ni Septemba 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi, ndipo nchi nzima ilianza kuyatekeleza. Kabla ya hapo, tangu mgogoro na migomo ya mwanzo wa miaka ya 1990, wazazi ndio waliokuwa wanawabeba walimu kwa prime ya kila mwezi. Mtoto ambaye hakulipiwa alifukuzwa, na wengi hawakurudi.

Mwezi Juni 2020, Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 kwa kuunga mkono mpango huo. Watoto waliingia kwa wingi. Madarasa hayakuongezeka kwa mwendo uleule, na walimu vilevile. Benchi lililokuwa la watoto watatu likakaliwa na watano. Palipokosekana benchi, mtoto alikaa chini au juu ya jiwe alilotoka nalo nyumbani.

Kuingia shuleni na kujifunza ni mambo mawili. Benki hiyohiyo ya Dunia inakadiria kwamba katika nchi yetu, kati ya watoto 100 wenye umri wa miaka 10, wapatao 97 hawawezi kusoma andiko fupi na rahisi na kulielewa. Hesabu hiyo inaingiza pia watoto walio nje ya shule. Hata hivyo, sehemu kubwa ya watoto hao wako darasani, wana kaye, wana biki, na kila mwisho wa muhula wanarudi nyumbani na buletini yenye pointi.

Kizazi cha Septemba 2019

Tumfuate mtoto mmoja wa Goma aliyeanza mwaka wa kwanza wa msingi siku ile masomo ya bure yalipoanza. Mwezi Machi 2020, shule zote za nchi zilifungwa kwa sababu ya Covid-19. Yeye alikuwa amesoma muda wa miezi sita tu, yaani alikuwa katikati ya silabi. Aliingia mwaka wa pili mwezi Oktoba. Desemba 2020 shule zikafungwa tena, zikafunguliwa mwishoni mwa Februari 2021. Tarehe 22 Mei mwaka huo, Nyiragongo ikalipuka, watu wakakimbia mji. Kwa hiyo ile miaka miwili ambayo mtoto anapaswa kujifunza kusoma, kwake yeye yote miwili ilikatwa.

Kama hakurudia darasa, mtoto huyo alifika mwaka wa sita katika mwaka wa masomo 2024-2025. Ni mwaka ule ambao Goma iliangukia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari, na Bukavu mwezi Februari. Shule zilifunga milango tena, kambi za wakimbizi wa ndani zilizokuwa kando ya Goma, kama Bulengo na Kanyaruchinya, zikavunjwa, na familia nyingi zikatawanyika.

Hakuna mwalimu anayeweza kuzuia vita wala volkano. Lakini historia ya kizazi hicho inatufundisha jambo moja: huku kwetu siku za shule zinaibwa mara kwa mara, na haziwezi kurudishwa. Kwa hiyo zile ambazo zinabaki haziwezi kutumiwa ovyo. Mtoto wa nchi yenye amani anaweza kupoteza nusu saa leo na kuipata kesho. Wetu hana hakika ya kesho.

Hesabu ya dakika

Tuchukue somo la kusoma la dakika 30 katika darasa la watoto 80. Mwalimu akitaka kumsikiliza kila mtoto peke yake, kila mmoja anapata sekunde 22 na nusu. Toa muda wa kuandika tarehe ubaoni, wa kunyamazisha kelele, wa kugawa kitabu kimoja kwa watoto wanne au watano, na sekunde hizo zinakuwa karibu kumi. Ndiyo maana darasa zima linarudilia pamoja. Kurudilia si uvivu wa mwalimu. Ni njia aliyoipata ya kuitika wingi wa watoto, na ndivyo yeye mwenyewe alivyofundishwa.

Kurudilia pamoja kuna faida yake pia. Kunampa moyo mtoto mwenye haya, kunazoesha ulimi kutamka maneno mapya, na wimbo unasaidia kukumbuka. Ubaya unaanza pale ambapo somo linaishia hapo. Mtoto anakariri utaratibu wa sauti bila kuangalia herufi. Ukimpa neno lilelile kwenye karatasi nyingine, halijui.

Kuna njia za kubadili hesabu hiyo bila kungoja darasa jipya lijengwe. Darasa la watoto 80 linaweza kugawanywa katika makundi 20 ya watoto wanne wanne, palepale kwenye mabenchi: wawili wa mbele wanageuka na kuwatazama wawili wa nyuma. Kila mtoto anawasomea wenzake kwa dakika 3, na kwa dakika 12 wote wamesoma kwa mdomo wao wenyewe. Mwalimu anapita kwenye makundi manne kila siku, na katika kila kundi anaomba kila mtoto asome mstari mmoja. Kwa siku tano za juma amewasikia wote 80, na anajua ni nani anayebaki nyuma. Kelele itakuwapo. Lakini ni kelele ya watoto 20 wanaosoma kwa wakati mmoja, na darasa lililonyamaza halitoi matunda hayo.

Chombo cha pili tunakijua toka zamani: ardwazi, kile kibao cha mkononi kinachoandikiwa kwa chaki. Mwalimu anasema neno, watoto wote wanaandika, kisha wote wanainua juu pamoja. Kwa kutupa jicho mara moja anaona walioelewa na walioangalia kwa jirani. Pasipo ardwazi, kipande cha karatoni ngumu kilichopakwa rangi nyeusi kinafaa. Pasipo karatoni, uwanja wenye vumbi unatosha kwa kidole.

Kinyume chake ni kazi inayokula saa nyingi katika madarasa mengi: kunakili. Mwalimu anajaza ubao, watoto wanaandika mpaka kengele inalia. Kaye inajaa, mwandiko unapendeza, mzazi anafurahi. Lakini mtoto anaweza kunakili ubao mzima kama mtu anayechora maua, bila kujua kusoma hata neno moja. Kaye safi si ushahidi kwamba mtoto amejifunza.

Kiswahili kinaingia kwa mlango wa nyuma

Kifungu cha kwanza cha Katiba kinataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya elimu ya taifa nayo inazitambua lugha za taifa au lugha za mazingira kama lugha za kufundishia na kama somo. Wazee wetu waliopita kwenye shule za misheni kabla ya uhuru wanakumbuka kwamba walianza kusoma kwa Kiswahili, Kifaransa kikafuata.

Katika madarasa mengi ya leo Kiswahili kipo, lakini kimeingia kama msaidizi. Mwalimu anasoma sentensi kwa Kifaransa, watoto wanamtazama bila kuelewa. Anaeleza kwa Kiswahili, macho yanafunguka. Kisha anauliza swali kwa Kifaransa na anataka jibu kwa Kifaransa, na darasa linanyamaza tena. Watoto wameelewa, lakini hawana maneno ya kuonyesha kwamba wameelewa.

Kwa kujifunza kusoma, tofauti hiyo ina uzito kuliko tunavyofikiri. Neno maji lina herufi nne, na kila herufi inasikika. Mtoto anayejua silabi ma na silabi ji anaweza kulisoma peke yake, hata kama hajawahi kuliona. Kwa Kifaransa, neno lilelile ni eau: herufi tatu, sauti moja, na sauti hiyo haimo katika herufi yoyote kati ya hizo tatu. Neno hilo halijengwi kwa silabi, linakaririwa. Ongeza petit na chat, ambamo herufi ya mwisho imeandikwa lakini haisemwi. Mtoto anayeanza na maneno ya namna hiyo anaelewa haraka kwamba kusoma ni kubahatisha, na anaanza kubahatisha.

Mtoto anayejifunza kwanza kwa Kiswahili anapata siri ya kusoma, yaani kwamba herufi zinabeba sauti na sauti zinabeba maana. Siri hiyo mtu anaipata mara moja tu maishani, kisha anaipeleka kwenye lugha nyingine. Lakini mwalimu hapaswi kumwacha avuke mto bila daraja. Lazima amwambie wazi kwamba ch ya chai si ch ya chat, kwamba j ya jina si j ya jardin, na kwamba u ya mtu si u ya tu. Somo fupi la kulinganisha hivyo, kila siku, linaokoa mtoto na makosa ya miaka.

Wazazi wengi wanapinga, na sababu zao zina msingi. Mtihani wa mwisho wa msingi, ENAFEP, unafanywa kwa Kifaransa. Ofisi zinaandika kwa Kifaransa. Mama anayeuza sambaza kule Kadutu hatoi mtoto wake shuleni ili ajifunze lugha anayoisema tayari. Jibu ni kwamba hakuna anayeomba Kifaransa kiondolewe. Kifaransa cha kusema kinaweza kuanza siku ya kwanza: nyimbo, salamu, majina ya vitu vya darasani. Kinachofaa kungoja ni kumtaka mtoto ajifunze kusoma katika lugha ambayo haielewi.

Jambo jingine halizungumzwi sana. Kiswahili cha kitabu si kile cha nyumbani kwetu. Kitabu kinasema ninakwenda, mtoto anasema niko naenda. Kitabu kinasema kitabu hiki, yeye anasema kitabu hii. Mwalimu anayemchapa au kumcheka kwa hilo anamfunga mdomo, na mtoto aliyefungwa mdomo hasomi. Tena Kiswahili chenyewe si lugha ya kwanza ya kila mtoto wa mashariki. Kule Butembo nyumba nyingi zinaongea Kinande, Walungu ni Mashi, Uvira Kifuliiru, Fizi Kibembe, Rutshuru na Masisi Kinyarwanda. Sheria imeacha nafasi kwa kusema lugha za mazingira. Ni shule kwa shule, pamoja na wazazi, ndipo inafaa kuamuliwa ni lugha gani watoto wanaielewa kweli.

Makumi mbili na tatu

Katika hesabu, lugha ya nyumbani inaleta zawadi ambayo shule inaitupa. Watoto wengi wa kwetu hawasemi ishirini, wanasema makumi mbili. Hawasemi thelathini na tano, wanasema makumi tatu na tano. Namna hiyo ya kusema inaonyesha jinsi namba ilivyojengwa: makumi mbili na tatu ni 23, na mtoto anaona mafungu mawili ya kumi na vitu vitatu pembeni. Kwa Kifaransa, onze, douze na treize hazionyeshi kumi iliyofichwa ndani. Sisi angalau tulibahatika kurithi septante na nonante kwa Wabelgiji, kwani 70 ya Wafaransa ni ngumu zaidi.

Vifaa havikosi. Goma imejengwa juu ya mawe meusi ya volkano, na mtoto yeyote anaweza kuokota vijiwe kumi akija shuleni. Kwingine kuna maharagi, vijiti, vifuniko vya chupa. Mtoto anayefunga vijiti kumi kwa kamba, akapata mafungu mawili na vijiti vitatu, ameshika 23 mkononi. Ukimwambia atoe 5, atalazimika kufungua fungu moja, na hapo ameelewa kutoa kwa kuazima, jambo ambalo mwenzake wa mwaka wa nne bado analikariri bila kujua sababu.

Na hesabu za sokoni zipo tayari. Mtoto anayetumwa kununua chumvi na kurudisha chenji anajumlisha na kutoa kila jioni. Kinachokosekana ni mwalimu kumwonyesha kwamba kazi ile ya jioni na hizi alama za ubaoni ni kitu kimoja.

Mwalimu hawezi peke yake

Ni rahisi kumwandikia mwalimu orodha ya mambo ya kufanya. Tukumbuke yeye ni nani. Wako walimu ambao wanafundisha miaka bila kuingia kwenye orodha ya malipo ya serikali. Wengine wanafundisha kwa zamu, asubuhi kundi hili na mchana kundi lile. Inspekta anapofika, mara nyingi anaomba jurnali ya darasa na karatasi za matayarisho. Anasaini, anaenda. Ni mara chache anaita watoto watano kwa bahati na kuwaambia: nisomeeni hapa. Mwalimu anajua kinachopimwa, na anatayarisha kile kinachopimwa. Siku inspekta na direkta wa shule watakapoanza kusikiliza watoto badala ya kuhesabu karatasi, masomo yenyewe yatabadilika.

Miradi ilijaribu. Mpango ELAN wa nchi zinazotumia Kifaransa ulileta ufundishaji wa lugha mbili katika shule kadhaa. Mradi ACCELERE, ulioanza mwaka 2015 kwa pesa za Marekani na Uingereza, ulitayarisha vitabu vya kusomea kwa Kiswahili, Lingala na Tshiluba. Lakini mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, na mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID. Vitabu vinachanika, walimu waliofunzwa wanahamishwa. Nchi haiwezi kuweka kusoma kwa watoto wake juu ya saini inayotolewa na kufutwa katika mji mkuu wa watu wengine. Vitabu vya mwaka wa kwanza na wa pili, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, vinafaa kuingia katika bajeti ya serikali kama mshahara unavyoingia.

Kuna pia uamuzi mmoja ambao hauhitaji pesa: mwalimu anapewa darasa gani. Katika shule nyingi, mwalimu mwenye uzoefu anapelekwa mwaka wa sita ili kulinda sifa ya shule kwenye ENAFEP, na yule mpya anapewa mwaka wa kwanza. Ni kama kuwaweka mafundi wazuri juu ya bati na kumwachia mwanafunzi msingi wa nyumba. Direkta anayetaka matokeo mazuri mwaka wa sita anapaswa kuyaanzisha mwaka wa kwanza.

Mstari mitatu kila Ijumaa

Wazazi nao wana kazi yao. Tumezoea kuuliza mtoto amepata pointi ngapi na amekuwa wa ngapi. Kwa mtoto wa mwaka wa pili, kuna jaribio bora zaidi, na halimlazimu mzazi awe amesoma sana. Chukua andiko ambalo hajawahi kuliona: karatasi ya dawa, tangazo la kanisani, maandishi kwenye mfuko wa chumvi. Mwombe asome mstari mitatu, kisha akwambie kwa maneno yake imesema nini. Akisoma kwa shida lakini akaelewa, yuko njiani. Akiangalia uso wako badala ya karatasi, akangoja uanze ili akufuate, basi ni mmoja wa wale sabini, na inafaa uende kuonana na mwalimu wake juma hilohilo, bila kungoja buletini.

Mzazi ambaye hajui kusoma anaweza kumwomba kaka au dada mkubwa asikilize. Na wote wanaweza kufanya ile kazi ambayo shule inaihitaji bila kuiomba: kumsimulia mtoto hadisi jioni na kumwacha naye asimulie. Mtoto mwenye maneno mengi mdomoni atayatambua akikutana nayo kwenye karatasi.

Watoto walioingia na masomo ya bure mwaka 2019 wamemaliza msingi, wakiwa wamebeba mapengo yao. Nyuma yao, kila Septemba, wengine wanakaa kwenye mabenchi yaleyale mbele ya ma, me, mi, mo, mu. Vita vikisimama au visiposimama, kesho asubuhi mwalimu atainua fimbo yake. Tofauti itatoka katika jambo dogo: kama baada ya sauti ya wote, kila mmoja atapata zamu yake ya kusoma peke yake.